Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu Kuhusu Tai, Firigogo na Mwamba wa Shemeji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wote mliopo, na waheshimiwa ambao mlipaswa kuwepo lakini mmetuma makoti yenu yakae kwenye viti. Mwenyekiti wa kikao, Makamu wa Mwenyekiti wa kikao, na yule bwana aliyeketi katikati yenu ambaye sikuambiwa cheo chake, lakini tai ya shingoni mwake inaonyesha si mtu mdogo. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Walimu, wafugaji, wauza duka na mafundi cherehani. Mama watoto wangu, uliyeketi mstari wa mbele ukinitazama kwa jicho ninalolifahamu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwekezaji mahiri katika sekta nyeti ya kokoto. Wageni wa mbali, wenyeji wa karibu, mabibi na mabwana, pamoja na ndege wote popote pale mlipotua: nawasalimu, na naomba ijulikane kwamba itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ilikusudiwa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga chafya, anapigiwa makofi naye.)

Ndugu wananchi, nimesimama hapa, na mnaona wenyewe kwamba nimesimama vizuri, ili kuzindua rasmi, kwa mara ya nne, Mradi Jumuishi wa Kuhifadhi Makazi Muhimu ya Ndege katika Mandhari ya Jangwa na Milima, Awamu ya Pili, ambao kwa kifupi, ili kumrahisishia mwananchi wa kawaida, tunauita MJUKUMAMUNDEMAJAMI. (Makofi. Watu wanajaribu kulitamka jina. Wengi wanaishia katikati.) Msiulize awamu ya kwanza ilikwenda wapi. Anayekimbia kwenda mbele akigeuka nyuma hujikwaa, na mimi sijawahi kujikwaa isipokuwa ngazini leo asubuhi.

Naona baadhi yenu mnalitazama bango. Ndiyo, yule ni pengwini. Mchapishaji aliombwa picha ya ndege wa jangwani, akatuletea ndege wa jangwa la barafu, na mimi, kama kiongozi mwenye maono mapana, nikasema jangwa ni jangwa. (Kicheko.) Si la kuchekwa hilo. Yule naye ana makazi, na makazi yake ni muhimu kwake.

Sasa twende kwenye takwimu, kwa sababu takwimu hazidanganyi, na zikidanganya huwa tunazirudisha zikarekebishwe. Kwa mujibu wa sensa shirikishi iliyofanyika kwa kutumia mekanizimu ya kisasa ya kukadiria ukiwa ndani ya gari, ndege wa mandhari hii wameongezeka kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, kutoka elfu kumi na nne mia tatu na sita, hadi elfu kumi na nne mia tatu na sita na nusu. (Makofi. Kutoka nyuma anasimama mwanamke mwenye darubini shingoni: “Huyo nusu ni ndege gani, mheshimiwa?”)

Swali zuri sana. Huyo alikutwa amekaa juu ya mpaka, mkia upande wetu, kichwa upande wa jirani, na kwa uadilifu tukahesabu mkia. Kwa wasiomfahamu aliyeuliza, huyu ni mtaalamu wetu wa ndege, mnayemwita Dada Darubini, mtumishi wa idara yangu kwa miaka kumi na mmoja, ambaye muda wote huo amekuwa akihesabu tai wa ule mwamba mkubwa mmoja mmoja, kwa mguu, juani, jambo ambalo nimemshauri mara nyingi aliache kwa sababu linatuletea idadi ndogo. (“Wako tisa, mheshimiwa. Na kinda mmoja.”) Mnamsikia? Tisa! Mtu utaandikaje ripoti ya kurasa mia mbili kwa tai tisa?

Ndugu wananchi, wapo wanaosema sisi wakubwa hatutoki ofisini. Mimi nilitoka. Nilitoka mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, na kuna watu ofisini waliokuja mlangoni kushuhudia. Nilikwenda kufanya fizibiliti ya kina chini ya mwamba wenyewe, mimi na dereva wangu, ambaye ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Tulipofika nikaona jiwe moja pana, bapa, safi, kana kwamba lilitandazwa pale kumngojea mkurugenzi, nikamwagiza dereva aegeshe juu yake. Nikashuka. Nikanyoosha suti. Nikavuta hewa ya mandhari. Na hapo, ndugu zangu, kukatokea tukio la kiusalama: kitu kizito kikaanguka kutoka mbinguni, puu! juu ya boneti ya gari la umma, boneti ikabonyea kama sufuria. Nami kwa wepesi wa kiuongozi nikaingia chini ya gari ili kufanya ukaguzi wa sehemu zake za chini. (Bibi mmoja mfugaji, kengele ya mbuzi mkononi, kutoka mstari wa tatu: “Ulikuwa unalia, mwanangu.”)

Nilikuwa natoa maelekezo kwa sauti ya juu. Na huyo, mabibi na mabwana, ni Bibi Kengele, ambaye mbuzi wake wote wana kengele, na ambaye siku ile alitokea nyuma ya jiwe, akainama, akanitazama pale nilipokuwa nakagua, akaniambia maneno ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa utumishi: “Mwanangu, hilo jiwe lina mwenyewe. Sogeza gari.” Nikamuuliza, “Mwenyewe nani? Ana hati?” Akanyoosha kidole juu. Nikatoa kichwa. Tai mkubwa, kifua rangi ya kutu, ndevu kidevuni kama hakimu, anazunguka anga akitusubiri tuondoke.

Bibi akanieleza kwamba tai yule chakula chake ni mifupa. Hupanda nayo juu, hulilenga jiwe lile lile, huiachia ikapasuka, kisha hushuka kula uboho wake. Jiwe hilo walilitumia tai waliomtangulia, na bibi yake Bibi Kengele aliwakuta pale pale wakiangusha mifupa. Kwa hiyo, kiutaalamu, mimi nilikuwa nimeegesha gari juu ya meza ya watu wakati wa chakula. (Kicheko kirefu. Mwenyekiti anafuta machozi kwa ajenda.)

Nikaamuru gari lisogezwe mara moja, kwa sababu mimi ni msikivu. Dereva akasema, “Bosi, hapo mchanga.” Ndiyo maneno yake matatu ya siku. Nikamjibu, “Songa mbele, gari la umma halizami.” Likazama. Lilizama hadi kwenye taa, na ikabidi Bibi Kengele alete punda wake na kamba, na mbuzi wake kumi na mmoja. Kazi yote aliifanya punda. Mbuzi walikuwa waangalizi, kama ilivyo katika idara nyingi. (Makofi makubwa kutoka kwa watumishi wa chini. Wakuu wa idara wanatazama dari.)

Wakati punda anapumzika, Bibi akanichukua nyuma ya mwamba kunionyesha dimbwi. Msidhani ni ziwa. Upana wake ni mikeka miwili, na maji yake yanatoka kwenye ufa chini ya mwamba, tone, tone, tone, mwaka mzima, na ndiyo maji pekee kutoka hapo mpaka macho yanapoishia. Tukakaa. Nikataka kuzungumza, Bibi akaniambia, “Shh.” Ndugu wananchi, tangu nipandishwe cheo sijawahi kuambiwa “shh.” Wakaja ndege wa ukubwa wa njiwa, rangi ya mchanga wenyewe, firigogo. Wakanywa. Kisha madume wakafanya jambo la ajabu: wakaingia majini, wakachuchumaa, wakasugua vifua vyao humo, wakajitikisa, wakachuchumaa tena, hata manyoya ya tumboni yakalowa chapachapa kama sifongo. Nikasema, naona wanaoga. Bibi akasema, “Hawaogi. Wanachota.” Akanieleza kwamba makinda yako mbali jangwani, mwendo wa nusu siku kwa miguu ya mtu, hayajaota mabawa, na baba yao huyapelekea maji kwenye manyoya ya kifua, akitua yanamkimbilia, yanamnyonya manyoya kama watoto wanavyonyonya.

Nikamuuliza, “Hana namna ya kuagiza mtu?” (Kicheko.) Ndiyo, chekeni, hata mimi nilitegemea Bibi atacheka. Hakucheka. Alisema, “Amwagize nani, mwanangu? Si ndiye baba?”

Mimi, ndugu wananchi, nina watoto watatu, na wa mwisho akitaka maji ya kunywa nyumbani humwita dereva. (Mke wa Mkurugenzi anainua macho kutoka kwenye pochi yake.) Lakini tusiingie huko. Hilo liko nje ya hadidu za rejea.

Nirudi kwenye mafanikio. Kupitia fremuweki mtambuka ya sasteinabiliti, mradi huu umejenga ofisi ya kisasa chini ya mwamba, maabara, kituo cha ndege wagonjwa chenye vitanda arobaini, pamoja na mnara wa kutazamia tai wenye ghorofa sita na lifti ya kioo. (Bibi Kengele anasimama: “Viko wapi hivyo vitu? Mimi hupita pale kila siku ya Mungu. Tuseme macho yangu yamezeeka, je, mbuzi? Hakuna ukuta duniani mbuzi wangu wameuona wakakosa kuulamba.”)

Bibi, vitu hivyo viko katika hatua ya dhana. Dhana ni jengo ambalo mbuzi hawezi kulilamba, na hapo ndipo ulipo ubora wake. (Kicheko. Dada Darubini bado amesimama.) Nakuona, Dada. Una swali au umechoka kukaa?

(“Nina swali, mheshimiwa. Jumatatu asubuhi ule mwamba unapasuliwa kwa baruti ili upatikane kokoto. Mashine zimeshafika, nimeziona. Mwamba ukipasuka, ufa unaziba, na dimbwi linakauka. Tai tisa wanaondoka. Kinda hawezi kuruka, huyo atakufa. Firigogo hawana maji mengine, mbuzi wa Bibi hawana mengine, na watu wa kule hawana mengine. Sasa umesema mradi upo. Naomba kujua, mwamba uko ndani ya mradi au nje?” Ukumbi mzima unamgeukia shemeji wa Mkurugenzi. Shemeji anarekebisha kola.)

Aaa. Ndugu wananchi. Hili ni suala la kimuundo, lenye muktadha mpana, linalohitaji kikosi kazi, wekishopu ya siku tano mahali penye hewa nzuri, na kisha rodimapu ya… (“Ndani au nje?” anauliza Bibi Kengele.) Bibi, mambo ya serikali hayana ndani na nje tu, kuna pia kando, pembezoni, na… (“Ndani au nje!” Ukumbi mzima sasa.)

(Shemeji anainuka, anapanda jukwaani, anainamia sikio la Mkurugenzi akisahau kwamba kipaza sauti kimewashwa: “Shemeji, usijitie matatani. Waambie tu hakuna mradi, yaishe. Watacheka kidogo, Jumatatu mimi napasua.”)

Mmesikia wote, nadhani. Hata walio nje wamesikia.

Shemeji, ngoja kwanza nikuulize mbele ya hadhara hii. Niseme hakuna mradi? Mimi? Mtu niliyeuzindua mara nne? Mwenye picha nne zilizowekewa fremu, nakata utepe, na katika moja utepe ulikataa kukatika nikautafuna kwa meno? (Makofi.) Nisimame hapa mbele ya mke wangu na hiki kisuti cha vipande vitatu, niseme nilikuja kuzindua upepo? Shemeji, unaniomba kitu kizito. Uongozi nimeusomea, na sura yangu hii nimeijenga kwa miaka ishirini na saba.

(Shemeji: “Basi ukisema upo, mimi nitakula mawe?”)

Hapana, na usije ukayala, maana mawe yale yana mwenyewe! (Kelele za shangwe. Bibi Kengele anapiga kengele.) Sikilizeni. Natangaza, na waandishi andikeni, na asiye na kalamu akariri: mwamba uko ndani! Uko ndani kabisa! Mwamba ndio makao makuu ya mradi wangu, lile jiwe bapa ndilo ukumbi wa mikutano, dimbwi ndilo idara ya maji, na hakuna mtu, hata awe anakula kwangu kila Jumapili na kuondoka na mabaki, atakayepasua makao makuu yangu kwa baruti! (Ukumbi unasimama. Kiti kimoja kinavunjika. Dada Darubini tayari yuko mbele na karatasi: “Mheshimiwa, hii hapa amri ya marufuku. Nimeiandaa miezi minane iliyopita. Inasubiri saini yako na mhuri tu.”)

Miezi minane? Mbona sikuiona? (“Niliileta ofisini mara kumi na tatu, mheshimiwa. Ulikuwa kwenye uzinduzi.”)

Naam. Naam, nilikuwa na majukumu. Hebu tuone… “Ni marufuku kuchimba, kupasua wala kuondoa jiwe katika mwamba, na katika eneo linaloonekana ukisimama juu yake.” Hmm. Ni fupi mno. Haina dibaji, haina viambatisho. Mtu wa kawaida anaweza kuielewa. Hili ni tatizo… (“Saini, baba watoto,” anasema mke wa Mkurugenzi, hajapaza sauti, na anampelekea kalamu kutoka kwenye pochi yake. Shemeji: “Dada! Hata wewe?” Mke: “Kaa chini, kaka. Kokoto zipo hata bondeni. Umefuata mwamba kwa sababu uko karibu na barabara, na uvivu wako naujua tangu tukiwa wadogo.”)

Mama watoto… Nyumbani kwetu, ndugu wananchi, hatujawahi kuzungumza mambo ya kazi. Sikujua kama ananisikilizaga. Haya. Tazameni basi, wapiga picha, njooni upande huu, kushoto ndiko ninakotoka vizuri. Hiyo saini. Na mhuri, ambao hukaa mfuko wangu wa ndani kwa sababu simwamini mtu, ndio huo… paa! (Vigelegele. Bibi Kengele anaipokea karatasi kabla haijawekwa mezani, anaipepea.) Bibi, hiyo inatakiwa iende masijala… Haya, kaa nayo. Masijala yetu hata mimi sijui iko wapi.

Basi, tukiwa katika ari hii, nyanyueni mikono tuseme kaulimbiu zetu. Tai juu! (Juu!) Firigogo na maji! (Maji!) Jangwa letu! (Letu!) Kokoto? (Shemeji peke yake anakohoa.) Mjukumamundemajami! (Kila mtu anasema lake.) Vizuri sana, tutalifanyia mazoezi.

Sasa nihitimishe kwa shukrani. Shukrani hizi zimeandaliwa na katibu muhtasi wangu, mama mchapakazi aliyebaki ofisini, na ingawa sikupata muda wa kuzipitia, nina imani naye, ninazisoma kama zilivyo. “Natoa shukrani za dhati kwa wafadhili wetu, nukta nukta nukta, jaza majina wakipatikana.” Ahsanteni wafadhili. “Nawashukuru wajumbe wa kamati ya uendeshaji, kamati ikishaundwa.” Pigeni makofi. (Makofi ya kusitasita.) “Nawashukuru mafundi waliojenga mnara, ruka mstari huu kama kuna wenyeji ukumbini.” Ahsanteni mafundi. “Na mwisho, bosi, nakukumbusha kwa mara ya tatu, hotuba soma lakini usisaini kitu chochote kule, maana mradi huu haupo. Haujawahi kuwepo. Faili lake nimelifungua mwenyewe, lina karatasi moja tu, nayo ni barua yako ya kuomba mapazia mapya ya ofisi. Safari njema.”

(Bango la pengwini linaachia upande mmoja.)

Mstari huo wa mwisho, ndugu wananchi, ulikuwa wa matumizi ya ndani.

(Shemeji anaruka juu ya kiti: “Mmesikia kwa masikio yenu! Hakuna mradi! Karatasi ile ni bure!” Bibi Kengele ameshaikunja, ameitia kifuani: “Mradi haupo, mwanangu, lakini mhuri upo. Nao umeshakauka.” Dada Darubini anacheka mpaka anakaa, kwa mara ya kwanza tangu mkutano uanze.)

Basi, kwa mamlaka niliyopewa, na kwa yale niliyojipa mwenyewe, natangaza kwamba mradi ambao haukuwahi kuwepo umefanikiwa kwa asilimia mia moja, na tai wote tisa, pamoja na yule kinda, wanaombwa kuendelea na kazi kama kawaida. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Naomba mtu mmoja anifungulie dirisha hili la nyuma, kwa sababu mlangoni naona amekwenda kusimama shemeji.